Historia ya Hippolyte Lubunda, Aliyefungwa kwa Kuujua Upepo

Ndugu mliotoka Lusangi, Kabambare na Nyangwe, majirani wa Kasongo, wakristo na waislamu mliokaa pamoja kwenye mikeka hii tangu jana, na ninyi wafanyakazi wa bandari ya mto mlioacha kazi saa sita ili muwe hapa, familia ya marehemu Hippolyte Lubunda inawasalimu, na aliyesimama mbele yenu kusoma ni Kasimu, mdogo wake wa tumbo moja, aliyeandika karatasi hii jana mchana kutwa pamoja na mjane na watoto, na hakuna neno ndani yake ambalo hatukulikubali sote.

Kabla ya kuanza, mjue jambo moja. Jana saa tisa kampuni ya mizigo ya bandari ilimtuma karani wake na shada la maua, tukalipokea kwa heshima, kisha akatuomba tumpe karatasi hii aipeleke ofisini isomwe kwanza, ili, kama alivyosema, yasiwemo maneno ya kuchafua siku ya huzuni. Tulimjibu kwamba historia ya marehemu inasomwa na ndugu zake mbele ya watu waliomjua, haipelekwi kukaguliwa na wale waliomfunga. Shada mnaliona pale kando ya jeneza, na karatasi ndiyo hii.

Marehemu Hippolyte Lubunda alizaliwa tarehe 9 Juni 1917 Lusangi, katika teritwari ya Kabambare, akiwa mtoto wa pili wa mzee Moustapha Lubunda, mkulima wa mpunga na mihogo, na wa mama Mwavita binti Salumu, wote wawili wametangulia. Tarehe hiyo tunaijua kwa hakika, kwa maana mzee wetu alikuwa na desturi ya kuandika kuzaliwa kwa kila mtoto kwa herufi za Kiarabu kwenye ukurasa wa kwanza wa Msahafu wake, na Msahafu huo tunao hadi leo. Utoto wake aliupitisha juu ya michikichi kuliko chini yake, maana ndiye aliyekuwa akikata ngazi, yaani mashada ya chikichi, za familia, na mama alikuwa akisimulia kwamba kila mara mvua ya upepo ilipokuwa njiani, Hippolyte alikuwa ameshashuka na kukaa chini na panga lake, wakati wenzake wangali wananing'inia juu wakilia waletewe msaada.

Mwezi Januari 1927 alipelekwa Kasongo kwa mjomba wake ili asome kwenye shule ya misioni, akasoma miaka sita, na mwezi Julai 1933 akapata cheti chake, wa tatu katika darasa la watu thelathini na mmoja, wa kwanza katika hesabu. Alibatizwa siku ya Pasaka, tarehe 5 Aprili 1931, akaitwa Hippolyte, na wengi walidhani kwamba mzee Moustapha, aliyetembea siku tatu kwa miguu kutoka Lusangi, alikuja kumzuia. Mzee alikaa nje ya kanisa mpaka ibada ikaisha, akamshika mwanawe mkono, akamwambia, "Jina wamekupa, vizuri. Lakini ukisema neno mbele ya Mungu wako au wangu, liwe lile lile." Marehemu alilikumbuka neno hilo maisha yake yote, na ndilo lililomtia gerezani.

Kazi alianza mwaka 1934 kwenye barabara ya Kabambare, akivunja mawe, na tarehe 2 Machi 1936 aliandikwa kwenye bandari ya mto hapa Kasongo kuwa mtia mafuta wa gruu. Kwa ndugu wa Lusangi ambao hamjaiona, gruu ni mashine inayosimama juu ya reli kandokando ya maji, ina mkono mrefu wa chuma uliosimama mshazari kwenda juu, na ndoano inayoning'inia kwa kamba ya chuma, nayo hunyanyua kutoka ndani ya bareji, yaani mashua pana za chuma za mizigo, vitu ambavyo watu mia hawawezi kuvibeba. Fundi wake wakati ule alikuwa mzee Hemedi wa Nyangwe, aliyewahi kuchochea moto katika meli za mtoni kabla ya yeyote kati yetu kuzaliwa, naye ndiye aliyemfundisha marehemu kazi, miaka saba mizima, kwa maneno machache na kwa kumpiga kofi la kichogo alipokosea.

Somo ambalo mzee Hemedi alilirudia kuliko yote lilihusu upepo. Alimwambia marehemu, "Wazungu wanakuuliza mzigo iko na uzito gani. Weye jiulize iko na upana gani." Alimwonyesha kwamba robota ya pamba yenye uzito mkubwa hutulia kwenye ndoano hata majani yakitikisika, ilhali bati moja jepesi linaweza kuchukuliwa na upepo, likavuta kamba, kamba ikavuta mkono, na mkono ukaing'oa gruu nzima kwenye reli. Alimfundisha kuutazama mto, kwamba maji yakigeuka meusi ng'ambo ile, upepo umebakiwa na dakika chache kufika ng'ambo hii.

Mwaka 1943, wazungu wengi walipokuwa vitani na mzee Hemedi macho yake yamekwisha, marehemu alikabidhiwa gruu aiendeshe peke yake, mtu mweusi wa kwanza kukaa kwenye kiti kile bila mzungu nyuma yake, na hapo akaongeza elimu yake juu ya ile ya mwalimu wake. Alifunga ukanda wa kaniki kwenye ncha ya mkono wa gruu, kila mtu auone, akaandika kanuni zake kwa Kiswahili katika daftari la shule, kwa mwandiko ule wa misioni uliolala upande mmoja. Kaniki ikining'inia, kazi iendelee. Kaniki ikiinuka nusu, wasinyanyue vitu vipana, na vile vyembamba vipite chini chini, vikishikwa kwa kamba za kuongozea na watu waliosimama mbali, na mtu asijizungushie kamba mkononi kamwe. Kaniki ikinyooka kama bendera, mzigo ushushwe, mkono wa gruu ulazwe, vibano vinne vifungwe kwenye reli, na watu wote waondoke mpaka upepo upite. Mwishoni aliandika kwamba anayeendesha ndiye anayesimamisha, wala haulizi ruhusa. Kwa miaka tisa aliyoiendesha gruu ile, hakuna mtu aliyevunjika hata kidole katika upepo, na tunaomba neno hilo mlishike, kwa sababu halimo katika karatasi yoyote ya kampuni.

Katika ndoa, marehemu alifunga pingu za maisha hapa Kasongo tarehe 20 Aprili 1940 na Léontine, binti wa katekista Marcellin, ambaye mnamwona pale mbele, na Mungu akawajalia Cécilia mwaka 1941, Michel mwaka 1944, Mado mwaka 1947, na Sidonie aliyezaliwa mwaka 1950 na kuishi miezi mitano tu. Nyumbani alikuwa mtu wa utani mwingi na usingizi mwepesi, bati la jirani likigonga tu alikuwa ameshaamka, na Léontine anasema katika miaka yote ile hakumwona akirudi kazini amelewa, ila alimwona mara nyingi akirudi amenuna, na tangu mwaka 1951 alinuna kila siku.

Hapo ndipo hasira yetu inapoanza, na hatutaificha. Mwaka 1951 bandari ilipata mkuu mpya, ambaye wafanyakazi walimwita Bwana Mbio, na jina hilo linatosha, kwa kuwa alitembea na saa mkononi na kila bareji iliyochelewa aliihesabu kuwa ni dharau kwake. Huyo aliamuru kaniki iondolewe kwenye gruu, akisema inatia aibu bandari, marehemu akaifunga tena, ikaondolewa tena, akaifunga mara ya tatu, na kwa kosa hilo buku yake ya kazi iliandikwa maneno mekundu kwamba ni mkaidi.

Siku yenyewe ilikuwa Jumanne, tarehe 14 Oktoba 1952. Asubuhi ilikuwa shwari, gruu ilitoa katika bareji mapipa na mashine za mgodi mmoja wa upande wa Kabambare, na kufikia saa sita zilibaki kuta nne za ghala, za bati, zilizokwisha kuungwa kwenye fremu za chuma, kila ukuta upana wa mita saba, nyepesi kwa gruu ile lakini pana kama tanga. Ukuta wa kwanza ulitoka salama. Wa pili ulikuwa umeinuka kidogo tu marehemu alipoiona kaniki ikianza kucheza, akatazama ng'ambo, maji yamegeuka meusi, na mawingu ya upande wa mashariki yamekaa chini mno, basi akaurudisha ukuta ndani ya bareji, akalegeza kamba, akapiga filimbi, akashuka.

Bwana Mbio alikuja na saa yake, akauliza mbele ya watu wote, "Sababu gani gruu inasimama?"

"Upepo iko nakuja, Bwana," marehemu akamjibu. "Tungoje nusu saa upite. Mbele ya saa kumi kuta zote zitakuwa chini."

"Bato inaondoka saa nane. Wewe iko hapa kunyanyua, hapana kuangalia mawingu. Panda."

"Ukuta ule ni mupana, Bwana. Upepo utaubeba na gruu itaufuata. Sipandi, na mutu yeyote asipande."

Maneno haya hatukuyatunga, waliyasikia watu kumi na wanane, na wengi wao wamekaa hapa. Bwana Mbio alimgeukia Zuberi, msaidizi wa marehemu, mwanamume wa miaka thelathini mwenye mke na watoto wawili, aliyekuwa amejifunza gruu kwa miezi sita tu, akamwambia apande, la sivyo atalala gerezani kwa kuvunja mkataba, na kila mtu aliyewahi kuandikwa kazi wakati huu anajua kwamba hilo halikuwa tishio la bure. Marehemu alimshika Zuberi bega, akamwambia, "Ndugu yangu, usipande. Gerezani mutu anatoka." Zuberi alimtazama, akamtazama na mzungu, akasema kwa sauti ndogo, kama kwa kaka yake mkubwa, "Yaya, mke wangu anakaribia kuzaa. Nikifungwa leo, nani atamupeleka lopitali?" Akapanda.

Sasa sikieni alichofanya yule ambaye baadaye tribunali, yaani mahakama, ilimwita mtoro wa kazi. Hakwenda nyumbani, hakwenda hata kivulini, aliwaendea wale watu wanne walioshika kamba za kuongozea, akawaambia wakiona ukuta unageuka waachie mara moja na kukimbilia ghalani, kisha akaingia chini ya gruu, kwa magoti, peke yake, aanze kufunga vibano kwenye reli, kwa sababu kama hakuweza kumzuia Zuberi asipande, aliweza angalau kuifunga mashine iliyombeba. Alifunga cha kwanza, akafunga cha pili. Alikuwa na cha tatu mkononi upepo ulipofika.

Ukuta ulipaa, hakuna neno jingine, ulipaa ukajigeuza ubavu, watu watatu wakaachia kamba kama walivyoambiwa, wa nne, François, alikuwa amejizungushia kamba kiganjani, akaburutwa mpaka ukingoni na mkono wake ukavunjika mahali pawili. Mkono wa gruu uliufuata ukuta juu ya maji, magurudumu ya upande wa nchi kavu yakang'oka kwenye reli, na gruu ikalala ndani ya bareji na Zuberi ndani yake. Alitolewa tayari amekufa. Fremu ya magurudumu ilipokuwa ikiinuka iliubana mguu wa kushoto wa marehemu, ikauponda toka kifundo hadi goti. Mvua ilinyesha, ikapita, na kabla ya saa nane jua likawaka, dakika ishirini na tano tu tangu filimbi ya marehemu, chini ya ile nusu saa aliyoiomba. Bato, ile meli iliyovuta bareji, haikuondoka saa nane, iliondoka baada ya siku nne.

Tarehe 16 Oktoba marehemu alikatwa mguu juu ya goti katika hospitali ya hapa, na siku zile, Léontine anasema, hakulia maumivu, aliuliza jambo moja tu, tena na tena, kama asingeshuka ingekuwaje, kwa maana yeye angejua kuulegeza ukuta mapema, angejua kuufuata upepo badala ya kushindana nao, na labda Zuberi angekuwa hai. Siku ya tano alikuja Mathilde, mjane wa Zuberi, akiwa amefunga kitambaa cha matanga na mimba yake ya miezi minane, marehemu akageuzia uso ukutani, akamwomba msamaha. Mathilde alikaa kwenye ukingo wa kitanda, akamwambia, "Shemeji, nisikilize. Kama ungalibaki juu, leo Léontine angalikuwa amefunga kitambaa hiki, na miye ningalikuja kumupa pole. Aliyetuma mutu juu ni mumoja, na si weye." Mathilde yuko hapa leo, na mtoto yule aliyekuwa tumboni ana miaka mitano na jina lake ni Hippolyte.

Kampuni ilifanya uchunguzi wake, ukaandikwa Kifaransa kurasa sita, na tarehe 9 Februari 1953 marehemu alisimamishwa mbele ya tribunali kwa mikongojo miwili. Mkalimani alimsomea mambo mawili. La kwanza, kwamba upepo wa tarehe 14 Oktoba ulikuwa wa ghafula, ambao mwanadamu hawezi kuutabiri, na kwa hiyo mkuu wa bandari hana lawama. La pili, kwamba Hippolyte Lubunda aliacha mahali pake pa kazi bila sababu, akasababisha mtu asiye na ujuzi kushika gruu. Marehemu aliomba kusema, akasema, "Bwana juji, mimi niliacha kazi sababu ya ule upepo. Kama mutu hawezi kuutabiri, miye niliuonaje? Na kama niliuona, kosa yangu ni nini?" Aliambiwa anyamaze. Mashahidi kumi na wanane hawakuitwa hata mmoja. Alihukumiwa miezi miwili.

Ndugu zangu, tumekaa na jambo hili miaka mitano na bado halijapoa. Mtu anaona hatari, anaitaja, anaomba nusu saa, ananyimwa, anapoteza mguu akijaribu kuwaokoa wale waliolazimishwa, halafu yeye ndiye anayefungwa, na yule aliyetoa amri anapewa nishani ya utumishi mwema na chakula cha kuagwa, kwa maana mwaka 1954 Bwana Mbio alirudi kwao Ulaya na nishani kifuani. Marehemu alitumikia siku zake zote za gereza hapa Kasongo, akimenya mihogo ya wafungwa na kidonda chake kikivuja, na alipotoka tarehe 9 Aprili 1953 alikuta buku yake ya kazi imefungwa kwa muhuri usiomruhusu kuandikwa na kampuni nyingine yoyote. Tangu siku hiyo aliishi kwa kutengeneza vyerehani na baiskeli barazani pake, na Léontine akauza mikate ya mchele, na watoto wakaendelea na shule.

Mwezi Juni 1955 kampuni ilileta gruu mpya na kusimamisha kando yake ubao mkubwa, umeandikwa kwa Kifaransa na kwa Kiswahili, kanuni za kazi wakati wa upepo. François, ambaye mkono wake ulikuwa umepona na sasa ndiye aliyekuwa akiendesha gruu, alikuja mbio barazani kumwita marehemu, wakaenda pamoja polepole kwa mikongojo. Marehemu aliusoma ubao mstari kwa mstari, kitambaa kwenye ncha ya mkono, vitu vipana, kamba zisizungushwe mkononi, vibano vinne, yote yalikuwa maneno yake, kutoka katika daftari lake lililochukuliwa na wachunguzi na halikurudishwa, hata kosa lake la kuandika neno "vibano" kwa herufi mbili za a lilikuwapo. Jina lake halikuwapo. François alitazamia angekasirika kwa hilo, lakini marehemu alinyoosha mkongojo kwenye mstari wa mwisho, akasema, "Angalia hapa. Jina waache. Lakini hapa wameharibu." Mahali alipokuwa ameandika kwamba anayeendesha ndiye anayesimamisha, ubao ulisema kwamba kazi husimamishwa kwa amri ya mkuu peke yake.

Kwa mstari mmoja huo alipigana mpaka mwisho wa nguvu zake. Alimwandikia mkuu wa teritwari barua tatu, tarehe 4 Julai na tarehe 21 Novemba 1955, na tarehe 10 Aprili 1956, akieleza kwa adabu kwamba kanuni nyingine zote ni bure ikiwa anayeuona upepo analazimika kumngoja asiyeuona atoke ofisini. Jibu lilikuja kwa barua ya tatu tu, nalo lilisema shauri lake limepokewa. Jumatatu tarehe 3 Septemba 1956, saa nne asubuhi, watu wote wakimwona, marehemu alikwenda bandarini na kopo la rangi nyeusi, akaegemea mkongojo mmoja, akaufuta mstari ule na kuandika juu yake, kwa mwandiko wake uliolala upande mmoja, maneno aliyoyaandika mwaka 1943.

Alikamatwa na kufungwa siku tatu, na maneno yakasuguliwa kwa petroli. Lakini Alhamisi asubuhi François hakupanda, alikaa chini ya gruu na kikosi chake kizima, mikono mapajani, bareji mbili zinangoja, na mkuu wa wakati huo alipomuuliza wanataka nini, hakutaja mshahara wala chakula, alisema, "Tunataka ule mustari wa Hippolyte." Walikaa mpaka saa tisa. Saa tisa karani, yule yule aliyetuletea shada jana, alitoka na kopo la rangi, akauandika mstari mwenyewe, wakamsahihisha palipokosewa. Uko pale hadi leo, na tangu siku hiyo gruu imesimamishwa mara nyingi kwa upepo, na hakuna aliyefungwa.

Marehemu aliletewa habari hiyo gerezani na Michel, akauliza kama waliandika "anayeendesha" au "mkuu anayeendesha," na alipoambiwa ni "anayeendesha" tu, alilala, usingizi mzito, mpaka mlinzi akamwamsha kumwambia aende nyumbani.

Kuhusu ugonjwa, kidonda cha mguu hakikuwahi kupona sawasawa tangu gerezani, kilifunga na kufunguka, na mwezi Novemba 1957 homa zilianza, madaktari wakasema uchafu umeingia katika mfupa. Alilazwa tarehe 2 Februari 1958, akatibiwa kwa dawa zilizokuwapo, akapata nafuu, akaanguka tena. Siku zake za mwisho alizungumza kidogo, alimwomba Cécilia amsomee, alimwuliza Mado kuhusu hesabu, na kila mvua ilipokaribia aliomba dirisha lifunguliwe. Alifariki dunia Alhamisi tarehe 20 Machi 1958, saa moja asubuhi, mkewe Léontine na Mathilde wakiwa wamemshika mikono, akiwa na umri wa miaka arobaini, ameacha mjane, watoto watatu, na ndugu wanne.

Familia inamshukuru daktari na wauguzi wa hospitali ya Kasongo, hasa Anastasie aliyemfunga kidonda kila asubuhi miaka mitano, hata siku za mapumziko yake. Tunawashukuru majirani waliotuletea maji, kuni na mihogo, Padre na Shehe waliokubaliana bila taabu nani asome kwanza, lori lililowaleta wazee wetu kutoka Kabambare kwenye barabara hii mbaya, na wafanyakazi wa bandari, walioikuta kazi ikiwa ya hatari na hawakukubali ibaki hivyo. Kampuni tunaishukuru kwa maua.

Limebaki jambo moja. Hukumu ya tarehe 9 Februari 1953 bado imeandikwa katika kitabu cha tribunali, haijafutwa, na sisi hatuna uwezo wa kukifikia kitabu hicho. Ndiyo maana tumesoma haya yote kwa sauti, yasikike, na kila aliyesikia tunamwomba awe shahidi, wale kumi na wanane ambao hawakuitwa, na ninyi wengine wote, mpaka watoto waliobebwa mgongoni.

Pumzika kwa amani, yaya Hippolyte. Hukuwa na hatia.